Fuwele Zinazokimbia Maji

*Lava ya Oldoinyo Lengai imebeba madini yenye jina la Mwalimu Nyerere. Kuyaona kunahitaji hadubini, subira na mkono unaojua jiwe linataka nini.*

Kipande kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, cheusi kama mkaa. Nilikuwa nimekwisha kukigandisha kwa gundi juu ya kioo na kukisaga kwa unga wa kusagia mawe. Kama nilivyozoea kufanya kwa kila jiwe, nikafungua bomba nioshe tope. Mzee aliyekuwa fundi wa maabara aliinua kichwa kutoka kwenye msumeno wake.

"Mwanangu, hilo jiwe limetoka wapi?"

"Lengai, Mzee."

"Basi umekwisha kuliosha."

Hakuongeza neno. Nilipokiweka kioo kile chini ya hadubini nikaelewa. Pale ambapo fuwele zilipaswa kuwapo palikuwa na matundu, na pembeni mwa matundu ukungu mweupe. Mlima ulikuwa umeitapika lava ile kutoka tumboni mwake, watu wakaibeba kwa uangalifu ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, nami nikaimaliza kwa bomba la maji katika muda wa kunawa mikono.

Siku hiyo ndiyo nilipoanza kujifunza kazi ya kutambua madini. Kabla yake nilidhani kazi inaanzia pale jicho linapogusa lenzi. Kumbe inaanza mapema zaidi, pale unapojiuliza hili ni jiwe la namna gani na linataka kushikwa vipi.

Lava ya magadi

Oldoinyo Lengai uko kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Wamaasai waliupa jina hilo, Mlima wa Mungu. Urefu wake unakaribia mita 2,960, na pande zake ni za mteremko mkali. Ukiutazama kwa mbali unaweza kudhani kilele kimefunikwa na theluji, lakini weupe ule ni lava iliyobadilika rangi.

Karibu volkano zote duniani hutoa lava iliyojengwa kwa silika, ile ile iliyomo katika mchanga na kioo. Lava ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi au zaidi, ikiwaka nyekundu na manjano. Lengai ndiyo volkano pekee hai inayojulikana kutoa lava ambayo sehemu yake kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Kwa Kiswahili cha jikoni, ni lava ya magadi. Joto lake ni kama nusu ya lile la basalti, kati ya nyuzi 500 na 600. Mchana inatiririka nyeusi kama mafuta machafu ya gari, nyepesi kiasi cha kuruka mawe na kupita katika vijifereji. Usiku ndipo mtu huona wekundu wake hafifu.

Mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona lava hiyo ndani ya kreta mwaka 1960, na mwaka 1962 akaitangaza kwa wanasayansi wa dunia kupitia jarida la Nature. Ilikuwa habari nzito. Miamba ya kaboneti yenye asili ya volkano ilikuwa ikijulikana sehemu mbalimbali, na wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama kweli iliwahi kuwa uji wa moto. Sasa ushahidi ulikuwa unatiririka mbele ya macho ya watu.

Kila aliyewahi kupika maharage au makande anajua tabia ya magadi: yakikutana na maji hayasubiri kukorogwa mara mbili. Lava ya Lengai ina tabia hiyo hiyo. Ikitoka ni nyeusi, ikiguswa na unyevu wa hewa huanza kupata mabaka meupe ndani ya saa chache, na mvua ikinyesha inageuka nyeupe kabisa na kumomonyoka. Madini ya mwanzo yanaondoka, mengine yanakaa mahali pake. Anayeokota jiwe jeupe kileleni hajaokota lava iliyotoka, ameokota kilichobaki baada ya maji kupita.

Mwanga ukipita ndani ya jiwe

Jiwe la volkano likishikwa mkononi husema machache. Ni jeusi au la kijivu, lina vitundu vya gesi, pengine lina punje zinazometa. Ili liseme zaidi lazima mwanga upite ndani yake.

Fundi hukata kipande, akakilainisha upande mmoja, akakigandisha kwenye kioo, kisha akakisaga upande wa pili mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, chini ya nusu ya unene wa unywele. Kufikia hapo jiwe lililokuwa jeusi linapitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta. Fundi mzuri hapimi unene huo kwa rula. Jiwe likiwa na kwatzi, huitazama kwa hadubini: ikionyesha rangi ya manjano iliyokolea au nyekundu, bado ni nene, ikitulia kwenye kijivu na weupe, amefika. Akizidisha mizunguko michache tu, kazi yote imekuwa vumbi.

Njia hii ilianza Uingereza. Henry Clifton Sorby wa Sheffield alitengeneza kipande chembamba cha mwamba mwaka 1849, na wapo waliomcheka kwa kutaka kuielewa milima kwa kutumia hadubini. Kabla yake, mwaka 1828, Mskoti William Nicol alikuwa ameunganisha vipande vya fuwele ya kalisaiti vikawa kichujio cha mwanga. Mambo hayo mawili yalipokutana, jiwe likapata sauti.

Mwanga wa kawaida hutikisika kuelekea pande zote. Kichujio huruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu. Weka kichujio cha pili juu ya cha kwanza, kikiwa kimepishana nacho kwa nyuzi 90, na mwanga wote unazimika. Lakini ukitia fuwele katikati ya vichujio hivyo, fuwele huugawa mwanga katika miale miwili inayosafiri kwa kasi tofauti. Miale hiyo ikitoka, mmoja umechelewa nyuma ya mwenzake, na katika kuchelewa huko huzaliwa rangi: bluu, kijani, waridi, dhahabu, ndani ya jiwe ambalo mkononi lilikuwa jeusi tupu.

Kulihoji jiwe

Anayeanza huvutiwa na rangi hizo akataka kuzitegemea peke yake. Hapo ndipo anapopotea. Madini hutambuliwa kwa tabia zake zote kwa pamoja, kama tunavyomtambua ndugu kwa mbali kwa mwendo wake hata kabla ya kuiona sura.

Chukua lava ya basalti. Swali la kwanza huulizwa kabla ya kuingiza kichujio cha pili: je, fuwele ina rangi yake yenyewe? Olivini na feldispa hazina. Piroksini huwa na kahawia au kijani hafifu. Honiblendi inajitangaza: ukizungusha meza ya hadubini inabadilika kutoka manjano kwenda kahawia au kijani kilichoiva.

Swali la pili: inainuka au inazama? Fuwele inayoupinda mwanga zaidi kuliko gundi iliyoizunguka huonekana kana kwamba imeinuka juu ya kioo, kingo zake nene na nyeusi. Olivini huinuka hivyo. Feldispa nyingi hulala chini, karibu zisionekane, kama glasi iliyozamishwa kwenye mafuta.

Swali la tatu ni la mipasuko. Piroksini ikikatwa kwa upande wake mfupi huonyesha mistari inayokutana karibu na pembe mraba, nyuzi 87 na 93. Honiblendi, ambayo mgeni huichanganya nayo, mistari yake hukutana kwa nyuzi 56 na 124, kama msonge uliolala. Olivini haina mipasuko iliyonyooka. Ina nyufa zinazojipinda, na mara nyingi ndani ya nyufa hizo kuna utandu wa rangi ya kutu, alama kwamba maji yamekwisha kuingia.

Kisha ndipo vichujio hupishanishwa. Olivini inawaka. Feldispa ya plajioklasi inajipanga kwa mistari myeusi na myeupe kama kikoi, kwa sababu ni fuwele pacha zilizokua bega kwa bega. Kioo cha volkano, yaani lava iliyoganda kabla fuwele hazijapata nafasi ya kujengeka, kinabaki cheusi hata ukizungusha vipi. Fuwele nyingi huzimika mara 4 katika mzunguko mmoja. Kioo hakina cha kuzima, maana hakikuwaka.

Keniti ndiyo lava ambayo ningempa mwanafunzi wa kwetu aanzie. Iliitwa hivyo na John Walter Gregory mwaka 1900 kutokana na Mlima Kenya, alikofika mwaka 1893. Ndani ya uji wake mweusi zimelala fuwele kubwa za feldispa aina ya anothoklasi, zikikatwa zinatoa umbo la msonge. Ziweke kati ya vichujio na uone mistari myembamba ikipita juu na chini ya mingine kama ukili uliosukwa kwa miyaa laini. Ndugu wa lava hiyo wapo kwenye Kibo, ambako wapanda mlima huzikanyaga fuwele zile za msonge bila kujua, na wengine wako mbali kabisa, kwenye mlima Erebus huko Antaktika.

Mafahali wawili

Kuna fuwele mbili ambazo humtesa kila mwanafunzi: kwatzi na nefelini. Zote hazina rangi, zote hazitoi zaidi ya kijivu na weupe kati ya vichujio. Nilizichanganya mara nyingi, mpaka Mzee yule aliponiambia niache kuikodolea fuwele moja nitazame majirani zake.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwatzi na nefelini hazikai katika lava moja kwa amani. Nefelini ni madini ya uji wenye njaa ya silika. Silika ikiwa nyingi, nefelini huichukua ikageuka kuwa feldispa. Kwatzi nayo huja pale tu ambapo silika imezidi, wengine wote wamekwisha kushiba. Kwa hiyo ukiona nefelini, usitafute kwatzi. Na ukiona kwatzi imekaa kwa utulivu, unachodhani ni nefelini kitazame upya.

Kanuni hiyo inayoonekana ndogo ina uzito kwa watu. Silika ndiyo inayofanya lava iwe nzito na ya kunata. Lava yenye njaa ya silika hukimbia. Lava ya Nyiragongo, juu ya mji wa Goma nchini Kongo, ukiitazama kwa hadubini unakuta nefelini, leusiti yenye umbo la pande nane, na meliliti inayotoa bluu isiyo ya kawaida. Zote tatu zinasema jambo moja: huu ulikuwa uji mwepesi. Januari 1977 ziwa la lava la mlima huo lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, likapita vijijini na kuua watu waliokosa nafasi ya kukimbia. Januari 2002 lava iliingia Goma na kukata katikati ya mji. Mei 2021 mlima ukafoka tena. Mwenye kuzisoma fuwele hawezi kuuzuia mlima, lakini anaweza kuwaambia jirani zake kwamba ukipasuka, lava yake haitatembea, itakimbia.

Mwalimu ndani ya lava

Turudi Lengai. Baada ya aibu yangu ya bomba, Mzee alinipa kipande kingine. Safari hii alikaa kando yangu. Hakuna maji, alisema, hata kwenye msumeno. Tulikata na kusaga kwa mafuta ya taa, tukafuta kwa kitambaa kikavu, na mara tulipofikia unene unaotakiwa tukafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo zote kwa gundi ili hewa ya chumba isipenye.

Nikazungusha lenzi mpaka picha ikatulia.

Fuwele ndefu, angavu, zisizo na doa, zilikuwa zimelala upande mmoja kama majani yaliyobebwa na mto. Hizo ndizo nyerereiti. Kwa kweli si vijiti bali ni vibao vyembamba vyenye pande sita. Tulikuwa tumevikata kwa ubavu ndiyo maana vilionekana virefu. Nilipopishanisha vichujio vikatoa bluu na kijani, na ndani yake mistari ya mapacha. Kuegemea upande mmoja kulitokana na mtiririko: lava ilipokuwa ikikimbia, vibao viligeuka kuufuata mkondo, na ilipoganda vikabaki vinaonyesha ulikoelekea.

Kati yake kulikuwa na fuwele za mviringo, za kahawia hafifu, zilizojaa vumbi la vijipande vidogo ndani. Hizo ni gregoriti, zilizopewa jina la Gregory yule yule wa Mlima Kenya, mtu aliyelieleza Bonde la Ufa kwa wasomaji wa zama zake. Na nafasi zilizobaki kati ya fuwele hizi kubwa zilijazwa na punje ndogo, baadhi zikibaki nyeusi kati ya vichujio: chumvi za potasiamu na floriti, madini yasiyougawa mwanga.

Mpangilio huo ulikuwa na historia. Fuwele kubwa zilitangulia kukua, chini ya mlima, uji ukiwa bado una nafasi. Aliyetangulia kukaa jamvini hunyoosha miguu. Punje ndogo zilikuja mwishoni, lava ikiwa imekwisha kutoka na kupoa kwa haraka, zikajibana zilipopata.

Nyerereiti ni kaboneti ya sodiamu na kalisi. Iliingia katika orodha ya madini ya dunia mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa imepata uhuru karibuni, na ikapewa jina la Julius Kambarage Nyerere. Gregoriti ilifuata baada ya miaka karibu 20. Tumeliandika jina la Mwalimu kwenye uwanja wa ndege, kwenye barabara na shule. Wanajiolojia wa kila bara hulitamka wanapozungumzia Lengai. Inaniuma kwamba watoto wengi wa shule zetu, hata wanaouona mlima huo kutoka dirishani mwa darasa, hawajawahi kuambiwa kwamba jina hilo limo ndani yake.

Fuwele zikibadilika

Julai 2007 ardhi ilitikisika kwa siku nyingi karibu na mlima Gelai, jirani ya Lengai, na mitetemo mikubwa zaidi ilisikika mpaka Nairobi. Septemba 4 Lengai ikalipuka. Haikuwa tena lava nyepesi inayotambaa ndani ya kreta. Lilikuwa wingu la majivu lililopanda juu na kuangukia malisho ya Wamaasai, na milipuko iliendelea mpaka mwaka 2008.

Majivu yaliyoanguka Septemba 24, 2007 yaliwekwa chini ya hadubini, na ndani yake hazikuwamo nyerereiti na gregoriti peke yake. Kulikuwa na nefelini, piroksini, ganeti na wolastoniti, madini ya uji wa silika. Punje zile zilionyesha kwamba chini ya mlima uji wa silika ulikuwa umekutana na ule wa magadi, na kukutana huko ndiko kulikowezesha gesi kufyatuka kwa nguvu. Tabia ya mlima ilikuwa imebadilika, na majivu ya kiganjani yalitosha kueleza ni kitu gani kilichobadilika.

Si milipuko tu inayosomwa kwa fuwele. Mwaka 1959 Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Olduvai, na swali likawa: lina umri gani? Jibu lilitoka mwaka 1961, miaka milioni 1.75, kwa kupima feldispa zilizomo katika majivu ya volkano ya tabaka hilo. Ndani ya feldispa hizo potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, na kiasi kilichokusanyika hutoa umri. Lakini fuwele iliyoliwa na maji huipoteza gesi yake, na fuwele ya kale iliyozolewa kutoka mwamba mwingine huleta umri usio wake. Kabla ya mashine kuhesabu, lazima jicho lizichague fuwele safi na kuziacha zilizoharibika. Umri wa fuvu lile ulipita kwanza kwenye lenzi.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba siku hizi mashine zinatambua madini zenyewe, nakubali kwa kiasi. Zipo mashine zinazopiga fuwele kwa mionzi na kutoa kemia yake kwa dakika chache, nazo zimetusaidia sana. Hazisemi, hata hivyo, ni fuwele ipi ilitangulia, ipi imeliwa na maji, ipi ilifuata mkondo. Hayo bado yanamngoja mtu aliyekaa kwenye kiti, anayezungusha meza ya hadubini polepole na kuuliza maswali kwa mpangilio.

Hadubini ya kutazamia mawe si ghali kuliko vitu vingi tunavyonunulia shule na vyuo vyetu, na mawe tunayo. Lava ya Kibo, keniti, majivu ya Olduvai, meliliti ya Nyiragongo: miamba ambayo wengine huvuka bahari kuja kuichukua iko kandokando ya barabara zetu. Kinachopungua ni watu wa kuwaonyesha vijana namna ya kuisoma, kama Mzee yule alivyonionyesha mimi.

Kipande cha pili alikihifadhi yeye mwenyewe. Lava iliyokizaa ilikwisha kuwa nyeupe juu ya mlima zamani, ikamomonyoka na mvua. Ndani ya kisanduku cha mbao, katikati ya mamia ya vioo, zile fuwele ndefu bado ni angavu. Pembeni mwa kioo Mzee alibandika karatasi ndogo, akaandika kwa kalamu ya risasi jina la mlima, jina la madini, na chini yake maneno mawili kwa ajili ya yeyote atakayekuja baada yetu: *Usitie maji.*